Kidude cha USB cha kuhamishia kaseti: mawaidha yapite, taarab ingoje fundi

Maduka ya elektroniki ya Mombasa, na zaidi wauzaji wa mtandaoni wanaoleta mzigo hadi mlangoni, wanauza kidude cha plastiki chenye umbo la Walkman na tundu la USB ubavuni. Boksi lake linaahidi kugeuza kaseti zote za nyumbani kuwa MP3. Jina la kampuni hubadilika kila shehena mpya ikiingia, lakini ukikifungua, mambo ni yale yale: mota moja, mpira mmoja, hedi moja ya kusoma mkanda, na kibao kidogo cha kugeuza sauti kuwa namba. Kwa hiyo yanayosemwa hapa yanahusu aina nzima, si jina moja.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa sauti ya mtu akizungumza, yaani mawaidha, hotuba, nikaha, barua za sauti, kidude hiki kinafaa, mradi ukitengeneze kwanza. Kwa muziki wenye udi, kanuni na fidla, hakifai, hata ukikitengeneza. Na kosa haliko kwenye USB wala kwenye MP3 kama wengi wanavyodhani. Liko kwenye vyuma na mpira, ile sehemu ya teknolojia ambayo umri wake ni miaka sitini na ambayo leo hutengenezwa vibaya kuliko ilivyotengenezwa mwaka 1985.

Kaseti yenyewe ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, ikikusudiwa kurekodi maneno ofisini. Kabla yake, muziki wa pwani uliishi kwenye santuri. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kaseti ilipofika Mombasa ilibadilisha mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, duka la redio liliweza kuwa pia duka la kurekodi na kuuza taarab, kama ilivyokuwa kwa Mbwana Radio Service. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mtu yeyote mwenye redio kaseti aliweza kurekodi. Ndiyo maana kabati la nyanya Majengo au Mji wa Kale lina kaseti za aina tatu. Kuna za kununua, za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma au Zuhura Swaleh. Kuna za kunakili, zilizotolewa kwenye redio kaseti ya milango miwili. Na kuna zile zilizorekodiwa nyumbani: harusi, maulidi, mawaidha ya mwezi wa Ramadhani, na barua za sauti za watu waliokwenda kufanya kazi Uarabuni wakati simu ya kimataifa ilikuwa ghali kuliko mshahara wa siku.

Aina hiyo ya tatu haina nakala nyingine popote. Anza nayo. Za kununua, nyingi utazikuta tayari mtandaoni, mara nyingine zimetolewa kwenye santuri au kanda mama na zinasikika vizuri kuliko yako. Tafuta kwanza kabla ya kupoteza saa nzima.

Kilichomo ndani ya boksi

Kidude chenyewe, waya wa USB, hedifoni ambazo unaweza kuzitupa papo hapo, na sahani ndogo ya CD yenye programu ambayo hutaihitaji. Umeme hutoka kwenye betri mbili za AA au kwenye USB. Vitufe ni vitatu: kucheza, kusimamisha, kukimbiza mbele. Vingi havina cha kurudisha nyuma. Unageuza kaseti, unakimbiza mbele, kisha unaigeuza tena. Baadhi vina swichi ya kubadili upande bila kutoa kaseti. Hiyo swichi inaonekana ni raha, lakini ni hasara: hedi inayofanya kazi pande zote mbili ni ngumu kuilalisha sawasawa kwa kila upande, na kwenye mashine ya bei hii haijawahi kulala sawa. Ukikuta chenye swichi na kisicho nayo, chukua kisicho nayo.

Kijaribu dukani kabla ya kulipa, kwa sababu karatasi ya ukutani inayosema bidhaa ikiuzwa hairudishwi si mapambo. Nenda na kaseti yako unayoijua vizuri, ambayo haina thamani kubwa, betri mbili mpya za alkali, na hedifoni zako. Icheze dakika tano mwanzoni, dakika tano katikati, dakika tano mwishoni. Sauti ikiyumba juu na chini kwenye neno lililovutwa, kama mwimbaji anayemalizia beti, kasi si tulivu, kikatae. Kisha kikimbize mbele hadi mwisho. Kikisimama katikati au mota ikilia kwa uchovu, mpira umelegea tangu kiwandani. La mwisho, kishike mkononi kikiwa kinacheza na ukitikise kidogo. Vyote hucheza vibaya vikitikiswa, lakini kinachopotea kabisa kimefungwa gurudumu jepesi mno, na hilo huwezi kulirekebisha.

Hedi: hapa ndipo penye ugomvi

Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita mbele ya hedi kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, wimbi moja la mlio wa 10,000 Hz, ile sauti nyembamba ya herufi "s" au ya njuga za tari, linachukua chini ya mikroni 5 za urefu wa mkanda. Unywele wa mtu una mikroni kama 70. Sasa ufa wa hedi unatakiwa usimame wima kabisa, kwa pembe ile ile ya hedi iliyorekodi. Ukiinama kidogo tu, upande wa juu wa ufa unasoma wimbi moja na upande wa chini unasoma jingine, na yanafutana. Sauti nene haidhuriki, nyembamba inazama. Matokeo yake ni ule mzungumzaji anayesikika kana kwamba yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Watu husema "kaseti imeshazeeka", na mara nyingi kaseti haina neno.

Marekebisho yake ni haya. Fungua mlango wa kidude na utazame hedi, kile kipande cha chuma king'aacho. Pembeni yake kuna skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, nyingine ina springi chini yake. Hiyo yenye springi ndiyo ya kurekebishia. Kwenye vidude vingine inafikika mlango ukiwa wazi na kaseti ikicheza. Kwenye vingine plastiki inaiziba, na itabidi utoboe tundu la milimita 3 juu yake, taratibu, baada ya kuondoa kaseti na kuhakikisha vumbi la plastiki halibaki ndani. Weka kaseti unayotaka kuihamisha, icheze, sikiliza kwa hedifoni, na uzungushe bisibisi ndogo ya nyota kwa robo ya robo ya mzunguko. Sauti nyembamba itapanda, ifike kilele, halafu ianze kushuka tena. Rudi kwenye kilele.

Siri moja hurahisisha kazi hii: sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimechanganywa. Katika mono, hedi iliyopinda hufuta sauti nyembamba kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kilele kinakuwa kikali na rahisi kukitambua. Katika stereo tofauti hiyo inajificha.

Na ujue kwamba kila kaseti ina pembe yake. Ile ya harusi iliyorekodiwa kwenye redio kaseti ya mjomba haitalingana na ile ya mawaidha iliyorekodiwa kwenye mashine ya msikitini. Rekebisha upya kwa kila kundi la kaseti zilizotoka mashine moja. Wauzaji hawakuambii hili, na maelezo ya ndani ya boksi hayaligusi hata kwa sentensi moja. Kidude kinachouzwa bila tundu la kufikia skrubu hiyo kimeuzwa nusu.

Kasi, na hila ya umeme wa ukutani

Vidude hivi mara nyingi hukimbia kupita kiasi. Kuna njia ya mkato ya kupima: chukua wimbo ambao urefu wake unaujua kwa hakika, tuseme dakika 3 kamili. Ukiisha kwa sekunde 175 badala ya 180, kasi imezidi karibu asilimia 3, ambayo ni karibu nusu ya hatua moja ya kinanda. Kwa mawaidha hilo halina madhara makubwa, ingawa shekhe atasikika kijana kidogo. Kwa udi na kanuni ni balaa, maana maqamu yenyewe, yaani ngazi za sauti za muziki huu, yanategemea vipande vidogo kama hivyo.

Ndani kuna tundu dogo nyuma ya mota, na ndani ya tundu kuna skrubu ya kurekebisha kasi. Inafikiwa kwa bisibisi bapa nyembamba mota ikizunguka. Si kila kidude kinayo. Kisipokuwa nayo, rekebisha kwenye kompyuta baada ya kurekodi.

Lakini utajuaje kasi sahihi ya kaseti ya nyumbani ambayo hakuna mwingine aliyenayo? Kama ilirekodiwa kwa mashine iliyochomekwa ukutani, mara nyingi imebeba mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya ni wa 50 Hz, na mvumo huo huingia kwenye rekodi kwa 50, 100 na 150 Hz. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 2000, chagua sehemu ambapo hakuna anayezungumza, uombe mchoro wa masafa, na uweke ukubwa wa hesabu kuwa 65,536 ili mchoro uwe mwembamba vya kutosha. Tazama kilele cha karibu na 150, kwa kuwa hapo kosa linaonekana mara tatu zaidi kuliko kwenye 50. Ukikikuta kwenye 154, gawanya 150 kwa 154, upate 0.974, ndicho kiasi cha kuzidishia kasi. Wakati wa kufanya hivi, kidude kiendeshe kwa betri na laptopu itoe kwenye chaja, la sivyo utapima mvumo wa leo badala ya ule wa mwaka 1988. Kaseti zilizorekodiwa uwanjani kwa betri hazina alama hii, na hapo itabidi utumie sikio la mtu aliyemjua mzungumzaji.

Umeme wa gridi wenyewe hupanda na kushuka kidogo, kwa hiyo usihangaike na tofauti ya chini ya nusu asilimia.

Upande wa kompyuta

Ukichomeka USB, kompyuta itakiona kidude kama maikrofoni. Hapo Windows hufanya ujanja wake: hukichukulia kama maikrofoni ya simu, inaweka njia moja badala ya mbili, na inawasha "maboresho" ya kupunguza kelele ambayo hula sauti nyembamba na kuacha maneno yakipanda na kushuka. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, kwenye kifaa hicho, chagua njia 2, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha uzime maboresho yote. Hatua hii moja huondoa malalamiko mengi tunayoyasikia kuhusu vidude hivi.

Kiasi cha sauti hupangwa mahali pawili, kwenye gurudumu la kidude na kwenye programu. Gurudumu liweke katikati na uliache hapo. Likipandishwa mpaka mwisho, kikuza sauti cha ndani hupasua sauti kabla haijafika kwenye kompyuta, na kupasuka huko hakuondoki tena. Kwenye programu, hakikisha vilele vya juu vinafika karibu na desibeli hasi 6 na havigusi sifuri hata mara moja. Sauti ndogo unaweza kuipandisha baadaye, iliyopasuka imepasuka.

Ukisikia mlio mwembamba wa "ziii" unaobadilika kila unaposogeza kipanya, hiyo ni kelele ya umeme wa USB. Weka betri, toa chaja ya laptopu, tumia waya mfupi. Ikiendelea, achana na USB ya kidude kabisa: chukua sauti kwenye tundu la hedifoni kwa waya wa milimita 3.5 na uipeleke kwenye kadi ya sauti ya nje. Wakati huo kidude kimebaki kuwa mashine ya kucheza tu, na unaanza kujiuliza ulinunua nini.

Kaseti nyingi za nyumbani zilirekodiwa mono. Rekodi kwa stereo hivyo hivyo, kisha sikiliza kushoto peke yake na kulia peke yake. Kwa kawaida upande mmoja una mapengo machache zaidi, kwa sababu ukingo wa mkanda huharibika mapema kuliko katikati yake. Uache huo, ufute mwingine. Usivichanganye kwa haraka, maana kosa lolote dogo la hedi litafuta sauti nyembamba ulizohangaikia.

Kuna aina nyingine ya kidude isiyohitaji kompyuta: unachomeka flashi ubavuni, unabonyeza, kinaandika MP3 chenyewe. Kinavutia, na kwa mzee asiyetaka kugusa laptopu kina nafasi yake. Ubaya ni kwamba nyingi huandika kwa kilobiti 128 bila kukupa uchaguzi, huwezi kuona kama sauti inapasuka, na zenye kipengele cha kugawa faili kila pakitokea ukimya hukata mawaidha vipande vipande kila shekhe anapovuta pumzi. Kizime kipengele hicho kama kinazimika.

Kaseti zenyewe na hewa ya pwani

Kaseti iliyokaa kwenye kabati Mombasa kwa miaka thelathini imepita kwenye joto na unyevu ambao watengenezaji hawakuufikiria. Kabla ya kuiweka kwenye mashine yoyote, itazame kupitia kidirisha kwa tochi. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya utando juu ya mkanda uliojisokota, hiyo ni kuvu. Usiicheze: itaacha mbegu zake kwenye hedi na kiroli na kuambukiza kila kaseti itakayofuata. Itenge kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika kwa wiki moja au zaidi hadi kuvu ikauke, kisha ifutwe nje, na mkanda upitishwe taratibu kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, ukiwa umevaa barakoa. Kama huna subira ya kazi hiyo, mwachie fundi.

Isiyo na kuvu, ikimbize mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo mara moja kabla ya kuicheza, kwa mashine au kwa kalamu ya Bic yenye pembe sita. Mkanda uliogandana kwa miaka huachia, na msokoto unakuwa sawa.

Halafu tazama kile kipande kidogo cha felti kilichopo katikati ya mdomo wa kaseti, juu ya springi ya shaba. Kazi yake ni kuukandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi yake hukauka kwa joto, nacho kinadondoka. Kaseti isiyo nacho husikika kwa mbali, sauti ikipotea na kurudi. Dawa ni kuhamisha mkanda wote kwenye ganda zima la kaseti ya bei ndogo, lile lenye skrubu tano. Laza ganda mezani upande A ukiwa juu, fungua, nyanyua juu tu bila kuinamisha, na upige picha kwa simu kabla hujagusa chochote ndani. Vile viroli viwili vya pembeni na karatasi mbili laini za juu na chini lazima virudi. Maganda yaliyogundishwa hupasuliwa kwa wembe kwenye mstari wa kiungo, na hayarudi tena, kwa hiyo ganda jipya liwe tayari pembeni.

Mkanda ukikatika, usitumie seloteepu. Gundi yake hutoka kwa joto, inashika mzunguko unaofuata, na badala ya pengo moja utapata matatu. Kuna utepe maalumu wa kuungia wa upana wa kaseti. Kata ncha zote mbili kwa pembe ya nyuzi 45, zikutanishe bila kupandana, na ubandike utepe upande wa ndani. Upande wa kurekodi ni ule unaotazama nje kwenye mdomo wa kaseti. Huo usiuguse hata kwa kidole.

Kaseti za dakika 120 usiziweke kabisa kwenye kidude hiki. Mkanda wake una unene wa mikroni 9 hivi, wakati ule wa dakika 60 ni kama mara mbili ya hapo. Mashine ya bei hii ikiulegeza kidogo, itautafuna. Na kutafuna kwenyewe kuna sababu inayojulikana: kijiti cha chuma na kiroli cha mpira vinaendelea kusukuma mkanda, lakini gurudumu la kupokea limesimama kwa sababu mpira wake unateleza. Mkanda unakosa pa kwenda, unajizungusha kwenye kiroli. Ukiona gurudumu la kulia linazunguka kwa kusitasita, zima papo hapo.

Usafi ni baada ya kila kaseti nne au tano, na baada ya kila moja iliyoacha unga wa kahawia. Kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa hedi na kijiti cha chuma. Spiriti ya dukani ya rangi ya zambarau huacha mafuta, haifai. Kiroli cha mpira kifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kikauke vizuri.

Taarab

Sasa kwa nini tunasema muziki ungoje? Kwa sababu hata baada ya kulalisha hedi na kusahihisha kasi, mwendo wa kidude unabaki kuyumba. Deki nzuri ya mezani ya miaka ya themanini ina gurudumu zito la chuma linalotuliza mwendo, na kuyumba kwake ni chini ya asilimia 0.1. Kidude cha mkononi kina gurudumu jepesi, na kuyumba kwake ni mara kadhaa zaidi. Kwenye maneno sikio linasamehe. Kwenye fidla iliyovutwa au akodioni, linasikia mara moja, na hakuna programu ya kawaida inayoondoa kuyumba huko.

Jambo la pili ni aina za mkanda. Kaseti za kawaida husomwa kwa mpangilio mmoja, za kromu kwa mwingine. Kidude kina mmoja tu, ule wa kawaida, kwa hiyo kaseti za kromu hutoka kali kupita kiasi. Hilo linarekebishika kwenye kompyuta. Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby B, mfumo wa kupunguza kelele ya mkanda, hairekebishiki vizuri kiasi hicho, kwa kuwa Dolby hupandisha sauti nyembamba kwa kiasi kinachobadilika, hadi desibeli 10, na deki inayosoma lazima ishushe kwa mwendo ule ule. Mashine mpya za leo hazina Dolby, kwani leseni yake haitolewi tena kwa ajili ya kaseti. Utaipata kwenye deki za zamani tu.

Kwa hiyo kwa taarab tafuta fundi wa redio mwenye deki ya mezani inayofanya kazi. Deki hizo nazo zina ugonjwa wao: mipira ya ndani huyeyuka kwa joto na kuwa kama lami. Kuibadilisha si kazi kubwa. Fundi hupima kwa uzi njia unayopita mpira, kisha hutafuta mpira mpya ulio mfupi kwa asilimia 5 hadi 8. Wa kubana sana huchosha mota, wa kulegea huyumbisha sauti. Kabla hujamkabidhi kaseti yoyote, vunja vile vibati viwili vya plastiki mgongoni mwake kama bado vipo. Deki ya fundi ina kitufe cha kurekodi, kidude chako hakina, na kidole kimoja kilichokosea kinatosha.

Muda, nafasi na bei

Kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90. Hakuna njia ya mkato, na ishirini za hivyo ni saa 30 za kukaa karibu na mashine. Faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya kaseti hiyo ni kama MB 950. Ya mono ni nusu yake. Flashi halisi ya GB 64 hubeba kaseti 67 za dakika 90 bila kubana. Tunasema halisi kwa sababu flashi zinazojidai GB 64 huku ndani zina 8 bado zinauzwa. Ijaze mpaka mwisho na usome faili ya mwisho kabla ya kuiamini. Weka WAV au FLAC (iliyobanwa bila kupoteza sauti) kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na MP3 ndiyo iende kwa jamaa. Kwenye WhatsApp itume kama dokyumenti, la sivyo baadhi ya simu zitaibana tena.

Bei ya kidude haina msimamo, na muuzaji anajua kwamba anayetafuta kitu hiki anasukumwa na mapenzi ya marehemu, si hesabu. Sisi tusingevuka shilingi 3,000 kwa kinachotumia kompyuta. Cha kuandika kwenye flashi tungekinunua pale tu ambapo laptopu haipo kabisa. Ukiwa na kaseti zisizozidi tano, usinunue chochote, mpe fundi.

Fundi naye aulizwe mambo matatu kabla ya kuachiwa mzigo. Je, analalisha hedi upya kwa kila kaseti? Je, atakupa WAV, au MP3 peke yake? Na je, kaseti zako zitarudi zote, na maganda yake, hata zile alizozihamisha mkanda? Akisema hedi yake haijawahi kuguswa tangu kiwandani na akaliona hilo kuwa sifa, mshukuru, beba kaseti zako, uende kwa mwingine.